Binti anataka udaktari: ajaze PCB au CBG?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Binti yangu amemaliza kidato cha nne. Amepata B ya Biolojia, C ya Kemia, C ya Fizikia, B ya Jiografia, B ya Kiingereza na D ya Hisabati. Tangu mdogo anasema atakuwa daktari. Mjomba wake anatuambia ajaze CBG (Kemia, Biolojia na Jiografia) kwa sababu Fizikia ya advance, yaani kidato cha tano na sita, inaangusha watoto, na daktari anahitaji Biolojia na Kemia tu. Ni kweli? Na hiyo D ya Hisabati haitamkwamisha akienda PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia)? Jirani naye anasema tuachane na advance, aende chuo akasomee uafisa tabibu, udaktari atausoma baadaye. Tumebaki njia panda. (Mama, Morogoro)

JIBU: Marahaba mama, na hongera kwa binti. Matokeo hayo si ya kuonea aibu hata kidogo.

Nianze na mjomba, maana hapo ndipo penye hatari. Ana nia njema, lakini ushauri wake ukifuatwa, mtoto atasoma miaka miwili kwa bidii kisha akute mlango umefungwa. Kozi ya udaktari wa binadamu katika vyuo vikuu vyetu, iwe Muhimbili, Bugando au KCMC, inamtaka mwombaji wa kidato cha sita awe na ufaulu wa Fizikia, Kemia na Biolojia, yote matatu. Jiografia haikai kwenye nafasi ya Fizikia, hata ikiwa A. Mwenye CBG haombi udaktari, basi. Kijana mmoja alinijia na cheti chake cha kidato cha sita, A ya Biolojia, B ya Kemia, A ya Jiografia, akitaka nimsaidie kujaza maombi ya udaktari. Alikuwa na ufaulu mzuri kuliko wengi waliokuja kuvaa makoti meupe. Tulikaa na mwongozo wa udahili wa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, mbele yetu, tukapekua ukurasa kwa ukurasa, na kila chuo Fizikia ipo palepale. Hakuna aliyemwambia mapema. Tangu siku hiyo, mzazi akiniuliza kuhusu kombi, yaani masomo matatu ya kidato cha tano na sita, namwuliza kwanza mtoto anataka kwenda wapi, kisha tunarudi nyuma kutoka huko hadi kidato cha tano.

Na vyuo havidai Fizikia ili kukomoa watu. Shinikizo la damu ni Fizikia ya vimiminika. Eksirei, utrasaundi, miwani, dripu inayoning'inizwa juu ili dawa ishuke yenyewe, vyote hivyo daktari anavigusa kila siku, na asiyeelewa vinavyofanya kazi anabaki kukariri.

Sasa tuitazame hiyo C ya Fizikia, kwa sababu C ya kidato cha nne inaficha mengi. Kwenye mtihani wa Necta wa kidato cha nne, C inaanzia 45 hadi 64. Ni alama pana mno. Mtoto wa 46 na mtoto wa 63 wote wanaandikiwa C, lakini hawako sawa. Kidato cha sita ngazi hubadilika: A inaanzia 80, B 70, C 60, D 50, E 40, na kati ya 35 na 39 ni S, ambayo haihesabiwi kuwa prinsipo, yaani ufaulu kamili wa somo ambao vyuo vikuu vinautaka. Kwa hiyo mtoto wa 46 angekuwa na E advance, na hiyo ni kabla mada hazijawa ngumu. Cheti hakitakuonyesha maksi zenyewe, ila matokeo ya moko na ya mitihani ya majaribio shuleni yatakuonyesha. Nenda kwa mwalimu wake wa Fizikia, mwombe rekodi za kidato cha tatu na cha nne. Kama alikuwa akizunguka kwenye 55 na kuendelea, asiogope PCB. Kama alikuwa kwenye 40 kila mara na Necta ikambeba, bado inawezekana, lakini kuna kazi ya kufanya kabla ya Julai.

Kuna kipimo kidogo ninachowapa wanafunzi wapya, unaweza kumpa nyumbani leo. Atafute uzi na jiwe dogo. Afunge jiwe, auning'inize uzi kwenye msumari, na kutoka msumari hadi katikati ya jiwe (katikati, si juu yake) apime sentimita 50. Alivute jiwe pembeni kidogo, aliachie, ahesabu liende na kurudi mara 20 huku simu ikipima muda. Akifanya vizuri atapata kama sekunde 28.4. Agawe kwa 20, apate 1.42. Kisha achukue kanuni aliyofundishwa shuleni, T = 2π√(l/g), aibadilishe mwenyewe bila kuangalia daftari ili g ibaki peke yake upande mmoja, aweke namba zake. Itatoka karibu na 9.8.

Mwangalie anakwama wapi. Kuna kosa moja naliona kila mwaka: mtoto anaachia jiwe na papo hapo anasema "moja". Jiwe halijaenda popote! Alipaswa kusema "sifuri". Akifika ishirini, jiwe limekwenda na kurudi mara 19 tu, muda ni kama sekunde 27, akigawa kwa 20 anapata 1.35, na g inatoka 10.8. Mtoto huyu hana tatizo la Fizikia, anahitaji maabara na mtu wa kumsimamia. Mwingine anapima vizuri kabisa, muda wake sahihi, lakini akifika kwenye kanuni kalamu inasimama. Hajui afanyeje na ile alama ya kipeuo. Huyo shida yake iko kwenye Hisabati, na ndilo swali lako la pili.

D ya Hisabati haimzuii kuchaguliwa PCB, kwa kuwa Hisabati si somo la kombi hiyo. Lakini wanafunzi wa PCB wanasoma BAM, yaani hisabati tumizi ya msingi, na wa CBG nao wanaisoma, kwa hiyo kukimbilia CBG hakumkimbizi na hesabu. Wengi wanaiona BAM ni somo la kupita tu. Mimi namwona mwanafunzi wa PCB anayeidharau BAM kama mtu anayeuza jembe lake msimu wa mvua. Mwendo wa kitu kilichorushwa, mzunguko, mawimbi, umeme, kote huko Fizikia ya advance inadai uweze kuhamisha herufi kwenye mlinganyo, kusoma mteremko wa grafu na kutumia sini na kosini bila kuhangaika. Ukichunguza karatasi za waliofeli, mara nyingi unakuta wanajua dhana. Wanaieleza kwa maneno vizuri tu. Wanapotea kwenye mstari wa tatu wa hesabu.

Ndiyo maana miezi iliyobaki ina thamani kubwa. Kidato cha tano kinaanza Julai, na mtihani wa kidato cha sita unafanyika Mei, mwaka wa pili baada ya huo. Hiyo miaka miwili tunayoisema kwa mazoea ni miezi 22, na ukitoa likizo hata haifiki. Kama una uwezo wa kumlipia tuisheni kabla ya kuripoti, usimpeleke kwenye darasa la watu mia linalokimbizana na mada za kidato cha tano. Mtafutie mwalimu mmoja amrudishe kwenye aljebra, grafu na trigonometria za kidato cha pili hadi cha nne, basi. Akienda na hizo mkononi, mada mpya hazitamtisha.

Najua unajiuliza: je, akisoma PCB na Fizikia ikamshinda? Tuchukue kwamba amepata C ya Biolojia, C ya Kemia na S ya Fizikia. Udaktari umeondoka, ni kweli, na inauma. Lakini bado ana prinsipo mbili za Kemia na Biolojia, zenye pointi sita kwa hesabu ya vyuo vikuu (A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1), na milango mingi ambayo CBG ingemfungulia bado iko wazi kwake. Atakachokosa ni zile pointi za Jiografia, na divisheni yake itashuka. Aliyesoma CBG hadi mwisho hamalizi akiwa na Fizikia. Kwa mtoto ambaye ndoto yake ni udaktari, naona hasara ya PCB ni ndogo kuliko ya CBG.

Nisieleweke vibaya, CBG ni kombi nzuri kwa anayeitaka. Anayependa mazingira, misitu, wanyamapori au kilimo, na ninyi mko Morogoro jirani na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine mnaona kazi hizo kwa macho, atanufaika nayo sana. Na siku hizi uchaguzi umepanuka: Machi 2024 serikali ilitangaza tahasusi, yaani kombi, mpya 49 na kufanya jumla kuwa 65. Uwingi huo unavutia, ila kwa binti yako haubadili kitu. Herufi za udaktari bado ni zilezile tatu.

Jirani naye ana hoja, na kwa baadhi ya watoto ni hoja bora kuliko yangu. Stashahada ya utabibu inachukua miaka mitatu na inampokea mwenye angalau D nne za kidato cha nne, zikiwemo Kemia, Biolojia na Fizikia. Binti anatosha. Akimaliza anaweza kuajiriwa, na vituo vyetu vya afya vijijini vinategemea maafisa tabibu kuliko tunavyokiri. Akitaka kuendelea na udaktari, vyuo vikuu vinamdai GPA (wastani wa alama za chuo) isiyopungua 3.0 pamoja na ufaulu wa kidato cha nne wa Hisabati, Fizikia, Kemia, Biolojia na Kiingereza. Ona, hapa ile D ya Hisabati inakuwa na kazi: angekuwa na F, njia hii ingeanza na kurudia mtihani.

Kwa muda, advance ni miaka miwili, udaktari mitano, na mmoja wa mafunzo kwa vitendo hospitalini, jumla minane. Kwa stashahada ni tisa, kama hakusimama kati. Wengi husimama, kwa sababu wanaanza kazi, wanaanza familia, na kurudi darasani na watu wa miaka kumi na tisa si rahisi. Upande wa fedha, ada ya kidato cha tano na sita kwa shule za serikali ilifutwa mwaka 2022, ingawa michango na mahitaji ya bweni yapo. Stashahada utailipia, japokuwa tangu 2023/24 Bodi ya Mikopo imeanza kuwakopesha baadhi ya wanafunzi wa ngazi hiyo, fani za afya zikiwemo. Kama hali ya nyumbani inadai mtoto aanze kujitegemea mapema, msikilize jirani. Kama mnaweza kumsubiri, na zile rekodi za Fizikia zinatia moyo, mimi ningemwacha aende PCB.

Lililobaki ni Selform, mfumo wa mtandaoni wa kujaza machaguo ya kidato cha tano na vyuo. TAMISEMI huufungua mfumo huo baada ya matokeo ili wanafunzi wabadili machaguo waliyojaza wakiwa shuleni, na tarehe ya mwisho hutangazwa. Ikipita imepita, kwa hiyo fuatilieni. Aingie mwenyewe akiwa na namba yake ya mtihani, nawe ukae pembeni yake. Akague kwanza kilichojazwa zamani, kwa sababu wengi walijaza wakifuata rafiki zao na hata hawakumbuki. Aweke PCB nafasi ya kwanza, na kwa kuwa mfumo huohuo unapokea machaguo ya vyuo, aweke na stashahada ya utabibu chini yake. Akipangiwa CBG kwa bahati mbaya, asikate tamaa na asikae kimya: siku anayoripoti aende ofisi ya taaluma aombe kubadili, kama shule inayo PCB. Wiki za mwanzo jambo hilo huwezekana. Likisubiri hadi muhula wa pili, wenzake watakuwa wameshamaliza mada mbili tatu za Fizikia.