Maswali ya Wasomaji: Seva za Majina Zilizo Chini ya Kikoa Chako

SWALI: Ninamiliki kikoa, na nimekodi seva mbili zenye anwani za IP zisizobadilika. Nimeweka BIND (programu ya seva ya majina), nikaandika rekodi za A, yaani za anwani za IP, za ns1 na ns2 kwenye faili la zoni, lenye rekodi za kikoa. Nilipokwenda kwa msajili (kampuni niliyosajilia kikoa) kubadilisha seva za majina, ukurasa ulikataa na kusema seva hizo hazijulikani. Nimekosea wapi?

JIBU: Huenda faili lako halina kasoro yoyote. Kilichobaki kinafanyika kwa msajili, wala hakuna unachoweza kuandika ndani ya seva zako kikatosha badala yake.

Tuchukue example.com. Anayeitafuta huanzia kwenye seva za mizizi, huelekezwa kwa seva za .com, nazo humwambia akaulize ns1.example.com. Anwani ya ns1.example.com iko wapi? Iko ndani ya ns1.example.com yenyewe, asikoweza kufika bila kuijua kwanza. Ili mzunguko huo ukatike, seva za .com hubeba anwani ya ns1 na kuitoa pamoja na jina lake. Rekodi hizo za juu huitwa rekodi gundi.

Kwenye akaunti yako ya msajili tafuta sehemu ya kusajili seva za majina binafsi. Mara nyingi imefichwa mbali na ile ya kubadilisha seva za kikoa, na ndiyo maana wengi huipita. Sajili ns1 na anwani yake, kisha ns2 na yake. Kama seva zina IPv6, iweke pia. Vikoa vyako vingine vitakavyotumia seva hizi havihitaji gundi yao. Kwa kawaida hutaja majina tu.

Lakini usibadilishe seva za kikoa siku hiyohiyo kwa pupa. Hatua hiyo ni ya mwisho kabisa, baada ya seva zote mbili kujibu sawasawa. Zoni ndogo kabisa inayofanya kazi ni hii:

$TTL 3600
@ IN SOA ns1.example.com. msimamizi.example.com. ( 2025030101 7200 900 1209600 3600 )
@ IN NS ns1.example.com.
@ IN NS ns2.example.com.
ns1 IN A 192.0.2.10
ns2 IN A 198.51.100.20

Angalia nukta iliyo mwishoni mwa kila jina kamili. Ukiisahau, BIND huongeza jina la kikoa, na seva yako inageuka ns1.example.com.example.com. Kosa hili huwapata hata wazoefu. Neno msimamizi.example.com ni anwani ya barua pepe. Nukta ya kwanza imeshika nafasi ya @. Na jina lililotajwa kwenye rekodi ya NS, inayotaja seva ya majina, lazima liwe na rekodi ya A au AAAA (anwani ya IPv6), kamwe lisiwe la CNAME, yaani jina linaloelekeza kwa jina lingine.

Kwenye mipangilio andika recursion no;. Seva ya majina inayomtafutia kila mtu kila jina hutumiwa na wahalifu kuelekeza mafuriko ya majibu kwa watu wengine. Kwa kuwa ns2 hunakili zoni kutoka ns1, iruhusu ns2 peke yake kufanya hivyo, kwa allow-transfer. Kwenye ukuta wa moto fungua poti 53 kwa UDP na kwa TCP pia. Wengi hufungua UDP tu, lakini majibu makubwa na unakili wa zoni hupita kwenye TCP.

Endesha named-checkzone ili kukagua faili la zoni, kisha ukiwa nje ya mtandao wa seva hizo uliza:

dig @192.0.2.10 example.com SOA +norecurse

Kwenye jibu tafuta alama ya aa, yaani seva inajibu kwa mamlaka yake. Isipoonekana, zoni haijapakiwa, hata kama programu inaonekana inakimbia. Rudia kwa ns2. Namba ya toleo, hapa 2025030101, lazima ilingane.

SWALI: Je, naweza kutumia seva moja yenye anwani mbili za IP?

JIBU: Msajili ataridhika, lakini mashine ikizima, tovuti na barua pepe vyote vinapotea pamoja. RFC 2182 ya mwaka 1997 inashauri seva ziwe mahali tofauti na kwenye mitandao tofauti. Kama huna mashine ya pili, afadhali ukodi huduma ya seva ya pili ya DNS (mfumo wa majina ya vikoa).

SWALI: Nilibadilisha anwani ya tovuti juzi. Wageni wengine wanaona mpya, wengine ya zamani, na haitulii.

JIBU: Huenda ulisahau kuongeza namba ya toleo. Seva ya pili hunakili tu inapoona namba iliyo kubwa kuliko yake, hivyo ns1 inatoa jibu jipya na ns2 la zamani. Iongeze, kisha endesha rndc reload ili BIND isome faili upya. Kama wakati fulani uliandika namba kubwa mno kimakosa, namba sahihi itaonekana kuukuu. Kwenye ns2 endesha rndc retransfer example.com ili inakili bila kulinganisha.

Tazama pia kumbukumbu za matukio (log) za ns2. Unakili ukizuiwa kimya kimya, ns2 huendelea kujibu kwa nakala yake hadi sekunde 1209600 zipite, yaani siku 14, halafu huacha kuihudumia zoni. Tatizo linajitokeza wiki mbili baada ya chanzo chake, na wengi hawaunganishi mambo hayo mawili.

SWALI: Nahamia seva zangu kutoka kwa mtoa huduma aliyekuwa na DNSSEC (sahihi za kidijitali zinazothibitisha majibu ya DNS). Nichukue tahadhari gani?

JIBU: Ondoa kwanza rekodi ya DS (inayotambulisha ufunguo wa sahihi za kikoa) kwa msajili, tena kabla ya kuhama. Ikibaki huku seva mpya hazina funguo zilezile, kila anayehakiki sahihi atapata SERVFAIL, yaani jibu la hitilafu, na asiyehakiki ataona mambo shwari. Kwa .com, DS hukaa kwenye kumbukumbu za muda (cache) kwa sekunde 86400, kwa hiyo ngoja zaidi ya siku moja. NS hukaa sekunde 172800. Usizime seva za zamani kabla ya siku 2 kamili kupita tangu mabadiliko yaonekane kwenye seva za .com.