Amenukuliwa au amerejelewa? Kuandika wasifu wa mtafiti wa seli T

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nimepewa kazi ya kuandika wasifu mfupi wa mtafiti wa kinga ya mwili. Niliandika hivi: "Profesa ni mtaalamu wa kinga mwenye nukuu 15,000 juu ya kazi ya T-cells. Makala yake yamenukuliwa zaidi na utafiti wake una athari kubwa kwa wagonjwa." Mhariri amepigia mstari neno "nukuu" akanirudishia bila maelezo. Kosa langu ni nini?

JIBU: Marahaba. Mhariri wako ni mpole, maana mimi ningepiga mistari mitano. Lakini tuanze na aliouona yeye, kwa kuwa ndio mkubwa.

Kunukuu ni kuchukua maneno ya mtu kama yalivyo na kuyaweka katika maandishi yako, mara nyingi ndani ya alama za usemi. Watafiti wa biolojia hawafanyi hivyo ila kwa nadra. Chukua mfano wa Rolf Zinkernagel na Peter Doherty. Mwaka 1974 walionyesha kwamba seli T angamizi, yaani chembechembe nyeupe za damu zinazoua seli zilizoambukizwa, hushambulia seli yenye virusi iwapo tu seli hiyo inabeba pia alama za utambulisho za mwili uleule. Ugunduzi huo uliwapa Tuzo ya Nobel mwaka 1996. Anayeandika leo kuhusu jambo hilo hulieleza kwa maneno yake mwenyewe, kisha huweka namba ndogo inayomwelekeza msomaji kwenye makala yao. Hakuna hata neno lao moja lililonukuliwa. Makala yao imerejelewa.

Kwa hiyo kitenzi ni kurejelea. Ukitoka kwenye kitenzi ukaingia kwenye nomino, angalia sana. "Profesa ana marejeleo 15,000" ni sentensi inayosomeka kwa namna mbili zinazopingana. Marejeleo ni ile orodha iliyo mwishoni mwa makala, yaani kazi ambazo mwandishi mwenyewe ameziegemea. Msomaji ana haki ya kudhani kwamba profesa wako amewarejelea wengine mara 15,000, wakati wewe ulitaka kusema kwamba wengine ndio waliomrejelea yeye. Nomino imemeza mtendaji na mtendwa wote wawili. Kitenzi hakimezi: aliyerejelea ni huyu, aliyerejelewa ni yule, na kiambishi kimoja kidogo kimemaliza ubishi.

Hesabu hizi zenyewe zilipata nguvu kwa sababu kuna mtu aliyegeuza mwelekeo huo. Orodha ya marejeleo humtazamisha msomaji nyuma, kwenye kazi zilizotangulia. Eugene Garfield, alipoanza kuchapisha faharasa yake ya marejeleo ya kisayansi mwaka 1964, alimwezesha mtu kutazama mbele: ukishika makala ya zamani, unaona nani wameirejelea tangu ilipotoka. Ndiyo maana nasisitiza kauli ya kutendwa. Rekodi unayoiandika ni ya yale aliyotendewa profesa, wala si ya aliyoyatenda.

Na ukishashika kitenzi hiki, utashangaa Kiswahili kinavyokuhudumia. Mtafiti anayejaza orodha yake kwa makala zake mwenyewe amejirejelea. Kikundi cha marafiki ambao kila mmoja humtia mwenzake kwenye orodha, hao wanarejeleana. Tofauti hizi ni nzito sana kwa anayepima rekodi ya mtafiti, nasi tunazisema kwa silabi moja au mbili.

Sasa "makala yake yamenukuliwa". Neno makala lina mazoea mawili: wapo wanaosema makala hii na makala hizi, na wapo wanaosema makala haya hata kama ni moja. Kwa kawaida sina ugomvi na upande wowote, na nimechoshwa na wanaogombana juu yake. Lakini kwenye hesabu upatanisho wa pili hukuangusha. "Makala yake yamerejelewa mara 900": ni makala moja iliyobahatika, au ni zote kwa jumla? Haijulikani. Ukiandika "makala yake imerejelewa" au "makala zake zimerejelewa", swali halizuki. Katika wasifu wa kitaaluma fuata upatanisho huo, hata kama nyumbani unasema vingine.

Hata neno "mara" lina hila yake. Makala moja ikiitaja kazi ya profesa katika aya tatu tofauti, hifadhidata huhesabu moja tu, kwa sababu kinachohesabiwa ni chapisho linalorejelea. Kwa hiyo unapozungumzia makala moja ni sahihi zaidi kuandika "imerejelewa katika machapisho 900". Ukija kwenye jumla ya makala zake zote mambo yanageuka. Chapisho moja likirejelea makala zake tatu tofauti, linahesabiwa mara tatu, hivyo ukisema "katika machapisho 15,000" umeongeza machapisho ambayo hayapo. Hapo rudi kwenye "jumla ya mara 15,000". Najua inaonekana kama kukata unywele, ila takwimu ndiyo roho ya sentensi yako.

Njeo nayo ina la kusema. "Imerejelewa" inafaa kwa hesabu ambayo bado inaendelea, kwa hiyo iwekee tarehe: hadi Desemba 2024, kwa mfano. "Ilirejelewa" inafaa kwa kipindi kilichofungwa. Na pale unapoeleza maumbile yenyewe, tumia hu-: seli T huzaliwa kwenye uboho, hukomaa kwenye tezi ya thimasi, huzunguka mwilini. Ugunduzi una mwaka wake na mtu wake, kwa hiyo unachukua -li-: Jacques Miller alionyesha mwaka 1961, kwa kuwatumia panya, kwamba tezi hiyo ina kazi kubwa katika kinga, wakati ambapo wengi waliidharau. Herufi T imetokana na jina la tezi hiyo.

Hapo tumefika kwenye "T-cells" yako. Andika seli T. Tumeshazoea vitamini C bila kuweka kiunganishi wala kistari, na seli T imepita njia hiyohiyo. Chembe pia si kosa, na kila mtu anazijua chembechembe nyeupe za damu, ambazo seli T ni aina yake mojawapo. Tatizo ni kwamba chembe imebebeshwa mizigo mingi: kuna chembe hai, chembe sahani, chembe za urithi. Katika maandishi ya kinga ya mwili, seli inamwacha msomaji na jambo moja la kufikiria. Sifa hufuata baada ya herufi: seli T saidizi, seli T angamizi, seli T kumbukizi.

Kuna aina moja inayowapotosha waandishi kila mara. Ni zile seli zinazozizuia nyingine zisiushambulie mwili wenyewe. Shimon Sakaguchi alizibainisha mwaka 1995, na mwaka 2025 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Mary Brunkow na Fred Ramsdell. Nimeshaona zikiandikwa "seli T zilizodhibitiwa". Huko ni kuzigeuza kichwa chini miguu juu, kwani zenyewe ndizo zinazodhibiti. Seli T dhibiti inatosha, na anayeona kwamba inasikika kama amri aandike seli T za udhibiti. Kosa hili ni ndugu wa lile la marejeleo: mwandishi hakuuliza nani anamtenda nani.

"Kazi ya T-cells" nayo ina utata. Kazi ni shughuli ya seli, na kazi ni maandishi ya profesa. Ukiendelea hivyo utajikuta umeandika "kazi zake juu ya kazi za seli T". Sema utendaji wa seli T, na maandishi yaite makala, tafiti au machapisho. Kuhusu "juu ya" na "kuhusu", zote zimo katika lugha. Mimi huchagua "kuhusu" pale kitu kinapoweza kukaliwa juu yake, na darubini ikiwepo, hata seli inakaliwa.

"Mtaalamu wa kinga" ni fupi mno. Kinga ni askari wa mwili, lakini pia ni kuzuia maradhi yasitokee, na msomaji anaweza kumdhania profesa kuwa ni mtu wa kampeni za kunawa mikono. Mtafiti wa mfumo wa kinga ya mwili ni refu lakini halina shaka. Imunolojia pia ipo kwa anayeitaka.

"Yamenukuliwa zaidi": zaidi ya nani? Zaidi hudai mlinganisho. Kama huna wa kumlinganisha naye, sema sana, au toa tarakimu unyamaze.

La athari sitalipita haraka, kwa sababu linaumiza. Kwa asili athari ni matokeo au alama inayoachwa na kitu, iwe njema au mbaya. Lakini masikio ya leo yamezoea athari za mafuriko, athari za sigara, athari za dawa. "Utafiti wake una athari kubwa kwa wagonjwa" kunamfanya msomaji aulize wagonjwa wamepatwa na nini. Katika taaluma hii hofu hiyo ina msingi, maana matibabu yanayoziachilia seli T zishambulie saratani, ambayo yalitokana na kazi za James Allison na Tasuku Honjo waliopata Nobel mwaka 2018, wakati mwingine huzifanya zishambulie viungo vyenye afya. Hizo ndizo athari kwa maana inayosikika. Kwa sifa njema tumia mchango.

Huenda ukataka kutaja pia fahirisi h, kipimo alichopendekeza Jorge Hirsch mwaka 2005. Mtafiti mwenye fahirisi 40 ana makala 40 ambazo kila moja imerejelewa mara 40 au zaidi. Usiandike "zaidi ya mara 40", kwa sababu hapo umeiondoa 40 yenyewe. Wala usichukulie kurejelewa kuwa ni kusifiwa, kwani makala hurejelewa hata na wanaoipinga.

Basi mimi ningeandika hivi: "Profesa ni mtafiti wa mfumo wa kinga ya mwili. Hadi Desemba 2024, makala zake kuhusu utendaji wa seli T zilikuwa zimerejelewa jumla ya mara 15,000, na matokeo yake yamechangia matibabu ya wagonjwa." Sehemu ya mwisho ibakize tu kama unaweza kutaja ni matibabu gani.

Ukiorodhesha makala zenyewe, usiwaruke waandishi wenza ukabaki na jina la kwanza. Katika tafiti za tiba na biolojia, mwandishi wa kwanza kwa kawaida ndiye aliyefanya sehemu kubwa ya majaribio, na mwandishi wa mwisho ndiye kiongozi wa maabara. Msomaji asiyelijua hilo ataona jina la profesa mkiani na kumdhania msaidizi, kwa hiyo badala ya "mwandishi wa mwisho" andika "aliyeongoza utafiti", mradi umehakikisha kwamba ndiye aliyeuongoza.