Kukopa ili ung'ae kwenye sendofu ya rafiki

Dada yangu, umeuliza kama ukope kikoba ununue sare na utoe zawadi nono kwenye sendofu ya rafiki yako, maana usipofanya hivyo kundi la WhatsApp litakusema. Usikope, tafadhali.

Kutaka kuonekana si ubaya. Mwaka 1943 mwanasaikolojia Abraham Maslow aliweka kuheshimiwa na wenzetu kati ya mahitaji ya msingi ya binadamu, kwa hiyo usijilaumu. Shida ni bei. MC atakutangaza, utacheza na zawadi yako mpaka mbele, vigelegele vitapigwa, picha zitarushwa. Wiki inayofuata wanaongelea sherehe nyingine, na wewe bado unarejesha mkopo na riba, tena mbele ya wanakikoba wanaokufahamu vizuri. Aibu hiyo ndiyo nzito zaidi.

Mpigie bibi harusi mwenyewe, usipitie kwenye kundi. Mwambie, "Shoga, sare sitaweza, ila nitakuja mapema nikusaidie kujiandaa na kupokea wageni." Kisha toa mchango unaoumudu, kabla kamati haijafunga hesabu. Akinuna, mpe muda. Gauni lako zuri ulilonalo linatosha; lipige pasi, uende.