Alovera kuwa manjano na kulegea
Dada, umesema majani ya chini yanageuka manjano na kulegea, nawe unamwagilia kila siku kwa sababu ya joto la Dar. Hiyo si kiu, mizizi inaoza. Ung'oe mmea taratibu uangalie: mizizi iliyooza ni myeusi, inateleza na inanuka. Ikate yote kwa kisu kisafi, uache mmea kivulini siku 3 hivi hadi vidonda vikauke, ndipo upande kwenye chungu chenye tundu chini, nusu udongo nusu mchanga wa mto. Wa baharini usiutumie kabisa, una chumvi. Kabla ya kumwagilia, chomeka kijiti kwenye udongo, kikitoka na unyevu, usimwagilie. Jua la asubuhi linatosha, la saa nane mchana linaunguza majani. Na hicho kisahani cha chini ya chungu kitoe, tafadhali, kinatuamisha maji.