Injini ya Helikopta Ikizimika Angani

SWALI: Nasikia ndege ikizimika injini zote huweza kuelea hadi ikatua salama. Je, helikopta, ambayo haina mabawa, si itaporomoka moja kwa moja? Msomaji, Tanga.

JIBU: Kuhusu ndege ni kweli: Agosti 2001 Airbus ya Air Transat iliishiwa mafuta juu ya Atlantiki, ikaelea kwa dakika 19 hivi na kutua visiwani Azores, watu wote 306 wakanusurika. Helikopta nayo ina mabawa, ila yake huzunguka, kwani kila panga lina umbo la bawa. Injini inapozimika, rubani hushusha mara moja wenzo ulio kushoto kwake ili kuyalaza mapanga, na hewa inayoyapiga kutoka chini wakati chombo kinashuka huendelea kuyazungusha bila msaada wowote wa injini. Akikaribia ardhi huuinua wenzo huo, na nguvu iliyobaki katika mzunguko hupunguza kasi ya kushuka. Nafasi ya kufanya hivyo ni moja tu, ndiyo maana marubani huifanyia mazoezi tangu mafunzoni. Hatari kubwa zaidi, kinyume na wengi wanavyodhani, si kuwa juu sana, bali ni kuzimikiwa chombo kikiwa kimesimama hewani, mathalani mita 30 kutoka ardhini, ambapo muda wa kuyaongezea mapanga kasi haupo.