Maswali Yenu: Kumpima Kwotabeki wa Chuo Kabla ya Drafti

Barua za safari hii zimeelekea upande mmoja: drafti ya NFL, yaani uchaguzi ambao timu za ligi ya kulipwa ya futiboli ya Marekani huchukua wachezaji wa vyuo kwa zamu, na hasa makwotabeki, wale warusha pasi wanaoongoza mashambulizi. Tumezijibu tano.

SWALI: Kijana anakamilisha asilimia 70 ya pasi zake chuoni, halafu wachambuzi wanasema usahihi wake una walakini. Asilimia 70 si asilimia 70?

JIBU: Siyo, mpaka ujue pasi hizo zilikwenda wapi. Tuchukue mfano wa kubuni. Kwotabeki amerusha pasi 400, zikashikwa 280. Hiyo ndiyo asilimia 70 yako. Sasa toa pasi zote zilizolenga nyuma ya mstari wa kuanzia mchezo, zile pasi fupi ziitwazo skrini ambazo hata kocha mwenyewe angezirusha. Tuseme zilikuwa 120 na zikashikwa 108. Zimebaki pasi 280, zilizoshikwa 172, yaani asilimia 61 na kidogo. Kisha toa zile alizotupa nje kwa makusudi kujiokoa, na umrudishie zile zilizomgonga mpokeaji mikononi zikaanguka. Namba inayobaki ndiyo ya kuijadili.

Lipo pia suala la kanuni, ambalo watazamaji wengi hulipita. Chuoni, walinzi wa mbele, wale wanaomkinga kwotabeki, wanaruhusiwa kusonga hadi yadi 3 mbele ya mstari kabla pasi ya mbele haijatoka. NFL ni yadi 1 tu. Yadi hizo mbili zina uzito mkubwa katika michezo (yaani shambulizi mojamoja, si mechi nzima) ambayo kwotabeki huamua papo hapo amkabidhi mkimbiaji mpira au arushe. Beki akiona walinzi wanamjia anadhani ni mbio, anapanda juu, na nyuma yake panabaki uwazi wa kupitisha gari. Katika NFL pasi ileile lazima itoke mapema zaidi, la sivyo bendera ya adhabu inarushwa. Kijana ambaye theluthi ya yadi zake zimetoka huko anakwenda kufanya kazi ambayo hajaizoea.

Tazama na alama za katikati ya uwanja, ambamo mpira huwekwa kabla ya kila mchezo. Chuoni ziko futi 40 mbalimbali, NFL futi 18 na inchi 6. Kwa hiyo mpira wa chuo ukianzia kwenye alama, upande mmoja una futi 60 na mwingine 100, na mabeki wanalazimika kutandazwa. Hapo kuna faida kwa mpimaji: tafuta pasi za yadi 12 hadi 15 zinazokwenda mstari wa pembeni wa upande ule mpana. Ukitaka kuujua mkono wa mtu, utaujua hapo kuliko kwenye ile pasi ndefu ya yadi 60 inayoshangiliwa mitandaoni.

Tahadhari moja. Kwotabeki Josh Allen alitoka chuo cha Wyoming na asilimia 56, akachaguliwa wa 7 mwaka 2018, na akawa miongoni mwa bora wa ligi. Lakini kila mwaka anatafutwa Allen mwingine, na mara nyingi anayepatikana ni kijana mwenye asilimia 56 tu.

SWALI: Nikitaka kumtazama mwenyewe kwenye video, nianzie wapi? Mechi zake ni nyingi.

JIBU: Usianze na vipande vya mabao yake. Chagua mechi 4 au 5: mbili dhidi ya ulinzi mkali kuliko wote aliokutana nao, moja aliyofungwa, moja ya mvua au upepo, na moja ya kawaida. Ukiweza, pata picha ya kamera ya juu inayoonyesha wachezaji wote 22. Kamera ya televisheni hufuata mpira, hivyo mabeki wa mwisho hutoka nje ya picha, na bila kuwaona huwezi kujua kwotabeki alipaswa kuona nini.

Anza na majaribio ya tatu (kati ya manne ambayo timu hupewa kusonga yadi 10) yanayohitaji yadi 7 au zaidi, kwa sababu hapo ulinzi unajua pasi inakuja. Kila mchezo utazame mara tatu. Mara ya kwanza simamisha kabla mpira haujaanzishwa, uhesabu mabeki wa mwisho walio nyuma: mmoja au wawili? Wakibadilika baada ya mpira kuanza, je, naye alibadilika? Mara ya pili fuata kofia na miguu yake. Kofia ikielekea kwa mpokeaji mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, beki naye anaisoma. Miguu ihame pamoja na macho. Miguu ikibaki nyuma, pasi hupaa au huchelewa. Mara ya tatu simamisha pale mpira unapotoka mkononi. Kama mpokeaji bado amempa mgongo na hajakata kona, pasi hiyo ilirushwa kwa kutabiri, na ndiyo inayotakiwa. Kama kwotabeki anasubiri amwone mtu yuko wazi kabisa, katika NFL uwazi huo utakuwa umefungwa mpira ukifika.

Pasi zilizonaswa na mabeki usizihesabu kwa jumla. Iliyodunda mikononi mwa mpokeaji si kosa la kwotabeki. Kinyume chake, zile ambazo mabeki walizipata mikononi wakaziangusha hazimo kwenye takwimu yoyote ya kawaida, nawe ziandike.

SWALI: Akiangushwa mara nyingi na mpira mkononi, lawama si ya walinzi wake?

JIBU: Nusu ya ukweli. Hesabu mara alizobanwa, kisha uone ngapi ziliishia kwa kuangushwa. Aliyebanwa mara 100 akaangushwa 12 anajua kuutoa mpira. Aliyeangushwa 25 kwa idadi hiyohiyo ana tabia ya kuushikilia, na tabia hiyo huhama naye. Sisi ikizidi moja kati ya tano tunarudi kwenye video na saa mkononi: mpira ukikaa zaidi ya sekunde 3 bila yeye kukimbia wala kutupa nje, walinzi tunawasamehe.

SWALI: Mbona wanapima hata kiganja?

JIBU: Katika kambi ya vipimo ya NFL huko Indianapolis, kiganja hupimwa kimekunjuliwa, kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho. Hofu ni mpira kuponyoka kwenye baridi na mvua. Joe Burrow alipimwa inchi 9, wengi wakaguna, akachaguliwa wa kwanza mwaka 2020. Badala ya rula, hesabu mipira aliyoangusha alipoguswa. Mbio za yadi 40 zina uzito mdogo zaidi: Tom Brady, aliyekuja kuwa bingwa mara saba, alitumia sekunde 5.28, akachukuliwa wa 199 mwaka 2000. Na zile pasi anazorusha chuoni kwake mbele ya wasaka vipaji, kwa wapokeaji wake, kwa mpangilio alioufanyia mazoezi, bila beki hata mmoja, zitazame kwa ajili ya miguu yake tu.

SWALI: Aanze mechi ngapi chuoni ndipo tumwamini?

JIBU: Hakuna namba ya uhakika, ila chini ya 20 unanunua kwa kubahatisha. Mitchell Trubisky alianza 13 tu North Carolina, Chicago ikamchukua wa 2 mwaka 2017. Patrick Mahomes, aliyekuja kuwa nyota wa ligi, aliitwa wa 10 mwaka huohuo. Trey Lance alianza 17 North Dakota State, akaenda wa 3 mwaka 2021. Trubisky na Lance hawakufikia matarajio. Shida ya mechi chache ni kwamba makocha wa upinzani hawajapata nafasi ya kumsoma, kwa hiyo hujui atajibu vipi akishasomwa. Upande wa pili, Bo Nix aliyechaguliwa wa 12 mwaka 2024 alikuwa ameanza 61. Kwa mtu wa namna hiyo angalia umri: mwenye miaka 23 au 24 anacheza na vijana wa miaka 19. Linganisha msimu wake wa mwisho na ule wa pili. Kama kilichopanda ni yadi tu, huku akiendelea kuushikilia mpira na kumkodolea macho mpokeaji wa kwanza, basi aliyekua ni mwili.