Saladi ya Kijapani ya nyama ya ng'ombe: msiitie nyama barafu

Mara ya kwanza kupika reishabu, yaani saladi hii ya nyama baridi, nilipokuwa nikiishi Osaka, niliiharibu kwa haraka zangu mwenyewe. Nilivitoa vipande vya nyama katika maji ya moto nikavitumbukiza kwenye bakuli la maji ya barafu, kama nilivyozoea kufanya kwa maharage machanga ili yasipoteze rangi. Shahamu iliganda papo hapo, ikawa nyeupe kama nta ya mshumaa, na nyama ikakakamaa. Jirani yangu, mama wa makamo, aliitazama sahani akacheka, kisha akaniambia kwamba nyama hupoa yenyewe kwenye chujio.

Reishabu ni shabu-shabu ya baridi, yaani vipande vyembamba vya nyama vinavyosuzwa katika maji ya moto. Jina shabu-shabu, lililoanzia katika mgahawa mmoja wa Osaka mwaka 1952, ni tanakali ya mlio wa nyama inaposuzwa majini, na "rei" ni baridi. Nyama inayofaa ni ile yenye mafuta kidogo, iliyokatwa nyembamba kama karatasi. Ikiwa bucha yenu haikati hivyo, iwekeni gramu 300 kwenye friza kwa muda wa saa moja hivi hadi iwe ngumu kiasi, kisha mkate kwa kisu kikali, kinyume na nyuzi zake. Chemsheni maji, mzime moto, muongeze kikombe cha maji baridi, ndipo mchovye vipande viwili vitatu kwa wakati mmoja hadi wekundu uishe. Maji yanayotokota huikaza nyama kabla hamjageuka.

Hata hivyo, kazi kubwa imo katika sosi, na mimi huianza kabla ya kugusa kitu kingine chochote. Kwangueni kitunguu maji kidogo kimoja na kipande cha tangawizi chenye ukubwa wa ncha ya kidole gumba, mchanganye na vijiko vitatu vya chakula vya sosi ya soya, viwili vya siki ya mchele, kimoja cha sukari na kimoja cha mafuta ya ufuta. Mkiionja hapo hapo itawachoma ulimi, nanyi mtashawishika kuongeza sukari, msiongeze. Iacheni nusu saa, kwa sababu ukali wa kitunguu hupungua wenyewe na utamu wake hujitokeza. Chumvi haihitajiki kabisa, kwani soya inayo ya kutosha.

Mboga ni majani ya saladi, tango na figili nyeupe iliyokatwa kama njiti. Zikausheni vizuri kwa kitambaa safi, maana majani yenye maji huizimua sosi yote mliyoihangaikia. Pangeni mboga chini na nyama juu, na sosi imiminwe mezani, wakati watu wameshaketi. Sosi ikibaki, mimi huihifadhi kwenye friji na kuila kesho yake juu ya tofu (jibini la soya) baridi, na siku nyingine naona hapo ndipo inapokolea zaidi.